Ripoti ya kaka ilikuwa kabati la pili kutoka dirishani

Hii nilitaka niiandike tangu mwaka jana nikawa naiahirisha, kwanza shem, mke wa marehemu kaka yangu, alikuwa hajaniruhusu, pili na mimi nilikuwa naogopa ogopa maana mji wetu huu ukipiga chafya stendi mtu wa sokoni anakujibu afya. Sasa shem karuhusu, ila kwa masharti: nisitaje mji, nisitaje kituo, nisitaje jina la mtu. Sawa. Jueni tu ni huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kamji kadogo kamekaa juu ya barabara ya TANZAM, ile inayopitisha malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, ukiwa umeshapanda Kitonga na hujafika Mbeya. Kituo cha polisi kimoja, sheli mbili, na vilabu vya pombe idadi yake sijui nani anaijua.

Mimi nina stesheneri. Kibanda cha mbao, printa moja, mashine ya fotokopi moja ambayo baridi ya mwezi wa sita ikiingia inagoma mpaka niisogezee jiko la mkaa (najua, msianze). Madaftari nauza lakini hela inatoka kwenye kuchapa barua. Mtu kaibiwa ng'ombe, kagombana na jirani mpaka wa shamba, kapoteza cheti, anakuja kwangu anakaa kwenye kigoda ananisimulia, mimi nachapa "YAH:" na kistari chini. Kwa hiyo makaratasi ya polisi nilijiona nayajua. RB naijua, ile namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi, PF3 naijua, ile majeruhi anaenda nayo hospitali, loss report, ile ya vitu vilivyopotea, ndo kabisa, siku hizi mtu anajaza mtandaoni analipia kwa kontrolo namba anaprinti hapo hapo kwangu dakika kumi kamaliza. Nikawa naona polisi na karatasi ni mambo rahisi tu, watu wanalalamika bure.

Mpaka ilipokuja ya kwetu.

Kaka yangu alikuwa bodaboda. Julai 2021, saa tatu usiku hivi, alikuwa anarudi kumpeleka abiria kijijini. Anayeujua mwezi wa saba wa huku hahitaji kuelezwa, ukungu unashuka mpaka taa ya pikipiki unaiona kama mshumaa nyuma ya shuka, na baridi ya kung'ata masikio. Kwenye kona ya mikaratusi akakutana na semi. Akafia pale pale. Dereva hakukimbia, hilo nampa, alienda kituoni mwenyewe. Kesi ikaenda mahakamani, sisi hata tarehe hatukuijua, tulikuwa bado tunapokea wageni wa msiba, tukaja kusikia tu jamaa kakiri kosa, kalipa faini, kaendelea na safari yake ya Tunduma.

Hapo ndo maneno yakaanza. Mbona kaachiwa haraka? Basi mwenye makosa ni bodaboda. Halafu wa pili akaongeza, alikuwa kalewa, nilimwona mimi kilabuni. Wa tatu akamalizia kabisa, alikuwa kajaza ulanzi. Ulanzi! Mwezi wa saba! Mtu wa huku anajua ulanzi ni wa masika, mianzi inagemwa mvua zikiwepo, Julai uko wapi wa kumlewesha mtu? Lakini maneno hayana msimu. Mpaka mtoto wa kaka akaja kuulizwa shuleni kama ni kweli baba yake alijigongesha. Shem akanyamaza tu. Ni mtu wa kunyamaza, ukimwambia jambo anakuangalia anaendelea kuchambua maharage.

Mambo ya bima hatukuyawaza. Baba mdogo alisema tusimsumbue marehemu, na ukweli ni kwamba sisi wengi tunajua bima ni stika ya kumwonyesha trafiki. Sikujua kwamba hata ile bima ndogo, ambayo kila gari inatakiwa kisheria iwe nayo, kazi yake hasa ni kumlipa yule aliyegongwa, siyo mwenye gari. Nilikuja kuambiwa Novemba 2023 na wakili mmoja kijana ambaye huwa anashuka kwenye basi anakuja kuprinti kwangu kabla ya kwenda mahakamani. Tulikuwa tunapiga stori tu, akauliza, ninyi mlidai? Nikasema tudai nini. Akaniangalia. Akasema madai ya namna hii mahakamani yana miaka mitatu, ikipita imepita, wewe kaka yako alifariki lini? Nikahesabu vidole. Tulikuwa tumebakiza miezi nane.

Kesho yake asubuhi nikafunga kibanda nikaenda kituoni.

Mlango wa kaunta unaujua kila mtu, na askari wa zamu alikuwa kijana ambaye nilishamchapia barua ya kuomba likizo. Nikasema, afande kamwene, naomba ripoti ya ajali ya kaka. Akasema, ripoti gani? Nikasema ya ajali. Akasema, ya ajali ipi, RB yake namba ngapi? Sina. Mwaka gani? 2021. Akacheka, siyo kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtu anayekuja dukani kuulizia sukari ya bei ya zamani. Akaniambia mpelelezi wa kesi ile alishahamishwa, faili litakuwa mahakamani, halafu akaniuliza swali ambalo niliulizwa karibu kila nilipogusa mlango kwa miezi mitano: unaitaka ya nini?

Hili swali naomba nilikalie kidogo. Mjini mkubwa nadhani mtu akiuliza hivyo anauliza tu ajue akupeleke dirisha gani. Huku kwetu siyo swali la ofisi, ni habari. Nikajibu nataka kudai bima. Saa kumi jioni ile ile, sijamaliza hata kumwaga majivu ya jiko, akapita jamaa anayelinda malori pale paking ya chini, akaniambia kwa upole kabisa, bro nasikia unafungua kesi na matajiri wa malori, angalia wasije wakaacha kulala hapa tukakosa riziki. Riziki! Mama lishe, wauza mahindi, vijana wa kuosha magari, wote wanakula kwa malori. Sijawahi kusema neno la kesi. Nilisema "bima" saa nne asubuhi kwenye kaunta, saa kumi ni kesi na mji mzima utakufa njaa.

Mara ya pili nilikuta zamu ya mama mmoja askari, mtu mzima, koti la jeshi la polisi juu na kitenge kiunoni kwa ajili ya baridi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza kama nimekunywa chai, ndo tukaanza. Huyu aliniambia kitu cha kwanza cha maana: mwanangu bila namba wewe huna kitu, tafuta namba kwanza. Akalitoa lile daftari kubwa la mwaka ule kutoka chini ya meza, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa viroba, akalifungua Julai akawa anashusha kidole. Mimi sikuruhusiwa kushika lakini kaunta ni kaunta, macho yanafika.

Nikaona. Kaka yangu alikuwa mistari miwili. Juu yake mtu kaibiwa simu gulioni. Chini yake mama fulani anamlalamikia jirani mbuzi wake wamekula mboga. Katikati hapo, kwa peni ya bluu iliyokuwa inaishiwa wino, ajali, kona ya mikaratusi, mpanda pikipiki mwanaume amefariki papo hapo, na namba. Sikuwa nimejiandaa. Mama yule akasubiri, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo, halafu akanisomea namba polepole nikaiandika kiganjani. Nilipofika kibandani nikaichapa kubwa nikabandika ukutani, jasho lisije likaifuta.

Kutoka hapo ikawa mpira wa danadana. Polisi wanasema jalada liko mahakamani. Naenda mahakamani, karani ananiambia sisi tuna jalada letu la mahakama, la polisi lilirudi polisi kesi ilipoisha. Narudi polisi, haa, hapana, liko mahakamani. Mara tatu hivyo. Katikati hapo kuna mtu, simtaji hata cheo, aliniambia "toa basi hata ya maji tukuangalizie", nikatoa buku tano. Naandika hapa kwa aibu. Haikusaidia chochote, nilichoambulia ni kupewa namba ya simu isiyopokelewa. Mahakamani angalau waliniambia utaratibu unaoeleweka, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu, nikaandika, baada ya wiki kama mbili nikapigiwa simu nikachukue. Ukurasa mmoja na nusu. Mshtakiwa amekiri kuendesha bila uangalifu na kusababisha kifo, faini kiasi hiki au kifungo. Basi. Kaka alikuwa upande gani wa barabara, hakuna. Kalewa hajalewa, hakuna. Mimi nilifurahi nimepata karatasi ya kwanza, shem aliichukua akaigeuza nyuma kuona kama imeendelea.

Wakili alivyorudi nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa. Akasema kosa lako wewe unaomba "ripoti". Polisi hawana kitu kinaitwa ripoti, wana fomu, na kila fomu ina jina lake, kama hujaitaja kwa jina mtu wa kaunta hajui akutafutie nini na anayejua hana haraka. Akaniandikia nyuma ya risiti: PF 115, hiyo ni taarifa ya mwanzo ya ajali. PF 93, ukaguzi wa magari, yule mkaguzi anaandika breki zilikuwaje, taa, matairi. PF 90, taarifa ya mwisho, nani alionekana na makosa na kesi iliishaje. Na ramani ya ajali, ile skechi mapu wanayochora trafiki na kamba ya kupimia. Hivyo vinne ndo bima wanavitaka, pamoja na cheti cha kifo, nakala ya hukumu na barua ya usimamizi wa mirathi. Nikabaki nimeduwaa, miaka sita nachapa barua za watu "naomba ripoti ya tukio tajwa hapo juu", na nalipwa.

Kingine alichosema ni kwamba mwombaji siyo mimi. Mimi ni mdogo wa marehemu, anayetakiwa kusaini ni shem, tena awe na ile barua ya mahakama ya mwanzo inayomtambua kuwa msimamizi wa mirathi. Kumbe ndo maana kila mtu alikuwa ananiuliza wewe nani kwake, nikawa naona wananidharau. Kikao cha ukoo kikakaa, baba mdogo akanuna kidogo akasaini, tangazo likabandikwa, tukangoja, ikatoka. Hiyo peke yake ni stori nyingine, ndugu wa mbali walijitokeza ambao kwenye msiba walileta salamu tu.

Halafu akaniambia habari ya sheria. Hapa msinichoshe maana mimi siyo mwanasheria, naandika nilivyoelewa na nilivyoisoma mwenyewe baadaye. Katiba yetu Ibara ya 18 inasema kila mtu ana haki ya kutafuta na kupewa taarifa. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka huo, inasema raia akiomba kwa maandishi taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30, na wakikataa waseme kwa maandishi wamekataa kwa nini, na unaweza kuomba mkuu wa taasisi apitie upya. Ni ya raia tu, mgeni haimhusu. Na siyo kila kitu kinatoka: upelelezi ambao bado unaendelea hawatoi, mambo ya usalama hawatoi, ya faragha ya mtu hawatoi, na kusema kweli nakubaliana nao, usingependa mtu aliyekupiga aende kaunta akaombe maelezo ya shahidi wako. Lakini yetu kesi ilishaisha, mwombaji ni mjane, na fomu zenyewe ni zile zile ambazo watu wa bima huwa wanapewa kila siku. Wakili akasema nyinyi hamhitaji kwenda mmebeba sheria kama fimbo, itajeni mstari mmoja chini, inatosha kuwafanya waipe namba ya faili.

Nikachapa. Nimechapa barua nyingi lakini ile niliichapa mara saba. Kwa Mkuu wa Polisi Wilaya, kupitia kwa Mkuu wa Usalama Barabarani Wilaya. Kichwa cha habari kina namba ya RB, tarehe, mahali. Fomu nne kwa majina. Mstari mmoja wa sheria. Shem akasaini kwa mkono ule ule wa polepole, herufi moja moja, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la pili. Nakala mbili. Hii ya nakala mbili kama kuna kitu nakushauri uchukue hapa basi ni hiki: moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, uondoke nayo. Bila huo muhuri siku zako 30 zinaanza lini? Haujawahi kuandika. Hujulikani.

Na muhuri haukuwa rahisi. Tulifika saa tatu, mimi na shem, tukaambiwa barua acheni hapo tutaipeleka. Nikasema asante afande, naomba mnigongee hii nyingine. Muhuri haupo. Upo wapi? Aliyenao katoka. Anarudi? Anarudi. Basi tunangoja. Tukakaa benchi lile la nje linalopigwa na upepo, shem kajifunika vitenge viwili, anamenya njegere alizokuja nazo kwenye mfuko maana alijua tutakaa. Kila askari anayepita anasalimia, wengine wanamjua, mmoja alimwambia pole mama kwa yaliyotokea, miaka miwili na nusu imepita ndo anasema pole. Saa tano kasoro muhuri ukapatikana. Ulikuwa kwenye droo ya kaunta. Sikuuliza.

Nilizungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwa maka nyekundu, nikawa nafuta siku moja moja, wateja wanafikiri nina mke mjamzito. Siku ya 23 simu ikaita. Kijana wa trafiki, mgeni, hata mwaka hana hapa. Anasema bro njoo, ile barua yenu nimepewa mimi niishughulikie, sijui pa kuanzia, unakumbuka hata mpelelezi alikuwa nani? Nikaenda. Hakuniruhusu kuingia chumba cha mafaili, nilisimama mlangoni namsikia anavuta makabati. La kwanza hakuna. La pili kutoka dirishani, rafu ya chini kabisa, mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani, kila mwezi fungu lake, na dirisha lile lina kioo kilichovunjika wameziba na boksi, kwa hiyo mvua za miaka miwili zilikuwa zinaingia kidogo kidogo. Julai 2021 ilikuwa imelowa ikakauka ikalowa tena, karatasi zimeshikana kama chapati. Akawa anazibandua na rula. Nilimwona anavyoshikilia pumzi.

Mimi nilikuwa nimejaza kichwa changu kwamba wanaficha. Kwamba tajiri wa lori kapita na bahasha. Labda kuna mahali inatokea hivyo, siwezi kuapa, lakini ya kwetu hakuna aliyekuwa anaificha. Hakuna aliyekuwa anaitaka, basi, na kitu kisichotakiwa na mtu kinakaa rafu ya chini. Kwa kweli hilo liliniuma kuliko bahasha.

Ramani ilipona. PF 115 na PF 93 zilipona, pembeni zimeliwa kidogo. PF 90 ilikuwa haijawahi kuandikwa, hakuna aliyewahi kuiomba, kwa hiyo wakaandaa mpya, ikasainiwa, tukakabidhiwa shem akiwa mwenyewe na kitambulisho chake. Nikawapelekea kilo mbili za machungwa. Siyo rushwa, ilishaisha, kwetu mtu akikufanyia jambo hutoki mikono mitupu, mama yule wa kitenge alichukua mawili akasema mengine wapeni mahabusu.

Halafu tukapata pigo dogo. Wakala wa bima aliyekuwa anatusaidia kuangalia akasema namba hii haina bima. Nikasema haiwezekani. Akasema namba uliyonipa ni ya tela. Wasiojua: semi linakuwa na namba mbili, kichwa kina yake na tela lina yake, zimesajiliwa mbali mbali, na kwenye ile PF 90 mpya kijana wetu alinakili namba ya nyuma, ile iliyoonekana kwenye picha. Injini iko kwenye kichwa, dereva yuko kwenye kichwa, bima tuliyokuwa tunaitafuta iko kwenye kichwa. (Na kama kichwa kingekuwa cha Zambia au Kongo tungeanza habari nyingine ya kadi ya njano ya COMESA, bahati yetu kilikuwa cha hapa hapa.) Nikarudi nikiwa nimejiandaa kuambiwa chukua peni rekebisha. Mkuu wa trafiki, mzee anayekaribia kustaafu, akakataa kabisa. Akasema karatasi yenye mkwaruzo bima wataitupa, leteni barua nyingine mtaje kosa, nitaangalia kwenye ukaguzi. Kweli PF 93 ilikuwa na namba zote mbili, mkaguzi wa mwaka 2021 alikuwa mtu wa kazi yake. PF 90 ikatoka upya baada ya siku nne. Kila mtu anilaumu lakini yule mzee kwangu ni askari.

Tulipeleka kila kitu bima Aprili 2024, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ninayo kwenye faili. Wamejibu, wametaka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, tumepeleka, wametaka na kingine, tumepeleka. Wakili naye kashafungua upande wake kabla ya Julai ili muda usitukimbie. Huko bado tunaendelea, siandiki zaidi.

Ila nirudi nyuma, jioni ile tuliyotoka kuchukua fomu. Shem alikuja kibandani nikiwa nataka kufunga, akasema nisomee. Nikamsomea PF 115, nikamsomea PF 93, taa za lori nzima, tairi mbili za tela zimekwisha, pikipiki taa ya mbele ilikuwa inafanya kazi. Fomu yote hakuna mahali pametajwa pombe. Akawa anatikisa kichwa tu. Nikafika kwenye ramani nikawa naikunja, nikaona hiyo ya nini, mistari na vipimo, akaweka mkono juu yake.

"Hii hapa ni nini?"

Nikamwambia hii ni barabara, shem. Hii A ni lori. Hii B ni kaka. Hii X ni pale walipokutana.

"Hii namba?"

Kutoka ukingo wa barabara mpaka kwenye X. Mita 1.6.

"Ukingo upi? Kushoto kwa nani?"

Nikaigeuza karatasi, nikaigeuza tena, nikamwonyesha mshale wa kwenda kwetu na mshale wa kwenda Iringa. Nikaisogeza kwenye taa. Kushoto kwake yeye, nikasema. Alikuwa upande wake. Lori ndo lilivuka mstari.

Akaiangalia muda mrefu. Jiko lilikuwa limebakiza makaa machache, nje malori yanashuka kwa breki za injini, ile sauti ya kukohoa. Nikajua atalia, nikaanza kutafuta pa kuangalia. Hakulia.

"Nitolee kopi tatu za hii."

Nikamwambia shem bima wanataka moja tu.

"Moja ya bima. Moja ya mama mkwe. Moja napeleka kilabuni kesho, naenda kuwabandikia ukutani." Akafunga kitenge vizuri kichwani, akasimama. "Hiyo ya kilabuni uilaminishe, shemeji, wasije wakaimwagia pombe."

Nikasogeza jiko karibu na mashine.